Uzi: Mashine ya chai ya kando ya kitanda yenye saa ya kengele, na namna ya kuitumia ikadumu

MwendaAlfajiri

Salaam wanajukwaa.

Mara nyingi nimeona humu watu wakiuliza kuhusu ile mashine ya Kiingereza inayokaa kwenye meza ya kando ya kitanda, ambayo alfajiri huchemsha maji yenyewe, huyahamishia kwenye buli lenye majani ya chai, kisha humwamsha mwenyewe kwa kengele. Waingereza huiita Teasmade. Wengine wenu mmeletewa na ndugu walioko Uingereza, wengine mmeinunua mtumba, na karibu kila anayelalamika hutaja mambo yale yale: maji yamechemka lakini buli ni tupu, chumba kimejaa mvuke, chai imekuwa chungu, au mashine imekufa baada ya miezi michache. Mimi naishi Uingereza na zamu yangu huanza mapema sana, kwa hiyo ninaitumia kila siku ya kazi. Nimeshafungua na kufunga ya zamani na ya kisasa, na ninaipenda kwa dhati. Naomba niieleze kwa kirefu, kisha tujadiliane.

Jambo ninalotaka lieleweke kabla ya mengine yote ni kwamba hili si birika la umeme lililofungwa saa. Ni chombo cha mvuke. Mwenye kuelewa mvuke unafanya nini ndani yake hahitaji kukariri maonyo ya kwenye kitabu, kwa sababu kila onyo linatokana na jambo hilo moja.

Ndani yake kuna birika dogo lenye kifuniko kinachobanwa na mpira. Kwenye kifuniko hupita mrija ambao ncha yake moja hushuka hadi karibu kabisa na kitako cha birika, na ncha ya pili hupinda na kuishia juu ya mdomo wa buli. Wakati uliotegeshwa ukifika, saa huruhusu umeme uingie kwenye koili. Maji yakianza kuchemka, mvuke hukosa pa kutokea, hujikusanya juu ya maji na kuyakandamiza, nayo maji hayana njia nyingine isipokuwa kupanda mrija na kumwagikia kwenye buli. Ukibonyeza pakiti ya juisi iliyochomekwa mrija utaliona jambo hilo hilo. Nguvu inayohitajika ni ndogo mno: kuyapandisha maji sentimita 20 kunataka shinikizo la ziada la takriban asilimia 2 tu ya shinikizo la hewa inayotuzunguka. Na kwa kuwa nguvu yenyewe ni ndogo, upenyo mdogo tu kwenye kifuniko huipoteza yote.

Katika mashine nyingi za zamani birika hukaa juu ya kibao chenye springi. Likiwa limejaa, uzito wake hukandamiza swichi. Maji yakishahama birika huwa jepesi, kibao huinuka, umeme wa koili hukatika, na papo hapo kengele hulia na taa huwaka. Maana yake ni kwamba kengele ile hulia kwa sababu chai iko tayari, wala si kwa sababu dakika fulani imetimia. Nimeona mafundi wengi wakibadilisha saa nzima ilhali kosa lilikuwa kwenye springi iliyoshika kutu chini ya birika.

Sasa matumizi. Usiku mimi humwaga mabaki yote ya maji, husuuza birika, kisha hujaza maji mapya ya baridi hadi kwenye alama, wala si chini yake wala si juu yake. Yakiwa machache mno, mashine zenye springi hazitaona uzito wa kutosha. Yakizidi, buli litafurika juu ya meza, na maji ya moto kando ya kichwa cha mtu aliyelala ni hatari ya kweli. Halafu hufuta ukingo wa kifuniko kwa kidole kuhakikisha hakuna jani la chai lililonasa kwenye mpira, maana jani moja tu linatosha kuvujisha mvuke. Nikishafunga, huweka majani kwenye buli, hulisogeza buli hadi mdomo wake uwe chini ya mrija sawasawa, ndipo hutegesha saa. Kazi yote hiyo ni ya dakika mbili, na ndiyo inayoamua asubuhi itakuwaje.

Someni kitabu cha mashine yenu mjue kama saa mnayotegesha ni ya koili kuanza kupata moto au ni ya kengele kulia, kwa kuwa mashine hutofautiana. Kuchemsha maji ya nusu lita na kidogo kwa koili ya wati 800 huchukua kama dakika nne au tano, na zaidi wakati wa baridi. Anayehitaji kuwa macho saa 11 alfajiri kamili, huku mashine yake ikianza kuchemsha saa 11, ataamka amechelewa.

Karibuni kwa maswali.

JiraniWaNairobi

Ndugu MwendaAlfajiri, asante kwa maelezo yaliyopangika. Nina swali ambalo naomba lisichukuliwe kama dharau. Siku hizi simu ina kengele, na kuna plagi zinazoweza kutegeshwa saa. Nikichomeka birika langu la kawaida la umeme kwenye plagi ya namna hiyo, nikabonyeza swichi ya birika usiku, halafu plagi ikafunguka alfajiri, si nitakuwa nimepata kitu kile kile kwa gharama ndogo?

Pia nilitaka kujua kama mwinuko wa hapa kwetu unabadilisha chochote, kwa sababu jiji liko juu sana.

MwendaAlfajiri

Swali lako ni la msingi, kaka, wala si dharau. Tofauti ni kwamba birika la kawaida huchemsha na kuzima, maji yanabaki humo humo. Itakubidi uinuke, uende lilipo, umimine, usubiri majani yaive, na hapo usingizi umeshavunjika kabla ya chai. Katika mashine hii maji huhama yenyewe yakiwa yanatokota, yakayakuta majani, na wewe unapofumbua macho chai inaendelea kuiva. Isitoshe, watengenezaji wengi wa birika za umeme hawataki zichomekwe kwenye plagi za kutegesha saa, na nadhani wana haki: birika lililosahauliwa bila maji linaweza kupata moto hali hakuna mtu aliye macho. Mashine iliyoundwa kwa kazi hii ina swichi ya uzito au kidhibiti joto kwa ajili ya usiku huo huo uliosahau kujaza maji.

Kuhusu mwinuko, ndiyo, kuna tofauti. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemkia kwenye nyuzijoto kama 94, ilhali Dar es Salaam huchemkia 100. Mashine itafanya kazi vizuri tu, kwa kuwa inachotaka ni mvuke na wala haijali nyuzijoto, ila maji yatafika kwenye buli yakiwa yamepoa zaidi ya hapo, kwa sababu hupita kwenye mrija na kukutana na buli la baridi. Dawa yake ni kuacha chai iive kwa dakika moja au mbili zaidi na kulivika buli kifuniko cha kitambaa kinene, alimradi kitambaa hicho kisizibe mdomo unaopokea mrija. Bahati nzuri majani ya kwetu, yale ya punje ndogo yanayosagwa kwa mashine, hutoa rangi na ukali upesi kuliko majani mapana, na ndiyo yanayoijaza sehemu kubwa ya vifuko vya chai vinavyouzwa hapa Uingereza. Hii mashine na majani ya Kericho vinaelewana vizuri sana.

Kwa upande wa umeme Afrika Mashariki haina tatizo. Volti ni zile zile 230 hadi 240, mizunguko ni 50 kwa sekunde, na plagi ya pini tatu za mraba ndiyo mnayotumia. Aliyeko Marekani ndiye mwenye kazi ngumu: huko ni volti 120 na mizunguko 60, na hata akinunua transfoma ya kupandisha volti, saa ya mashine ya zamani inayofuata mizunguko ya umeme itakimbia kwa dakika 12 kila saa moja.

FundiWaMtaaWaPili

Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme, na ningependa kuongezea jambo ambalo mleta uzi amelipita haraka, nalo ni waya.

Mashine hizi za mtumba kutoka Uingereza nyingine ni za miaka ya 1960. Waya za wakati huo zilikuwa nyekundu kwa umeme hai, nyeusi kwa njia ya kurudi na kijani kwa ardhi, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 walipohamia kwenye kahawia, bluu, na kijani chenye mstari wa njano. Fundi asiyejua hilo anaweza kufunga plagi mpya kinyume, na mwili wa chuma wa birika ukawa na umeme. Jambo la pili, waya nyingi za zama hizo zilivikwa mpira ambao kwa sasa umekauka na kupasuka. Ukiikunja karibu na pale inapoingia kwenye mashine ukaona ufa au unga mweusi mkononi, usiichomeke hata kwa kujaribu. Waya ibadilishwe yote, na ardhi ipimwe kwa mita kutoka kwenye pini ya plagi hadi kwenye mwili wa birika. Kifaa hiki kina maji, kina moto, na kiko umbali wa mkono kutoka kwa mtu aliyelala. Mimi sikipokei dukani kwangu bila kukipima.

Nyongeza kwa wenye sola. Koili ya wati 800 haiwezi kuendeshwa na inveta ndogo ya wati 300, ingawa saa na taa yake vitawaka na mtu akadhani iko sawa.

MwendaAlfajiri

Fundi, nakushukuru sana, na ninaomba kila aliyenunua ya mtumba aurudie ujumbe huu kabla hajajaza maji. Naongeza neno moja kuhusu umeme kukatika. Saa ya zamani inayofuata mizunguko ya umeme husimama umeme unapokatika na huendelea pale pale ilipoishia ukirudi. Ukikatika kwa saa moja usiku, utaamshwa ukiwa umechelewa kwa saa moja. Mahali ambapo umeme si wa kuaminika, simu iwe mlinzi wa pili, angalau siku za safari na za mitihani.

UkhtiWaLeicester

Assalaam alaykum. Nafurahi kuiona mada hii. Nyumbani kwetu tumeitumia zaidi katika mwezi wa Ramadhani. Wale waliokuwa huku Uingereza mwaka 2016 wanakumbuka mfungo ulivyoangukia Juni, usiku mfupi, daku inaliwa usiku wa manane na watu wametoka tarawehe punde tu. Kuamka na kukuta chai ya moto tayari kando ya kitanda, bila kushuka ngazi na kuwasha taa za jikoni na kuwaamsha watoto, kulitusaidia sana.

Shida yetu ni maziwa. Mume wangu hanywi chai ya rangi, anataka chai ya maziwa iliyopikwa, yenye tangawizi na iliki. Je, kuna mtu aliyewahi kuweka maziwa kwenye birika la mashine?

MwendaAlfajiri

Wa alaykum salaam, dada yangu. Tafadhali usiweke maziwa kwenye birika hata kidogo, wala sukari, wala viungo. Rudi kwenye ule mrija mwembamba. Maziwa yakipata moto hushika kwenye koili na kuungua, hufanya utando, na utando ukiingia kwenye mrija utauziba. Hapo mvuke utakuwa unakandamiza bila maji kupata pa kwenda. Kinachofuata ni kifuniko kuachia au mpira kuvuja, na maji yanayotokota kuruka. Ndani ya birika yaingie maji matupu peke yake.

Chai ya maziwa ya kupika kwa maana yetu, ile inayotokota pamoja na maziwa na majani mpaka inapanda juu ya sufuria, mashine hii haiwezi kuipika, na ni haki kulisema hilo wazi kwa mtu anayetaka kununua. Iliundwa kwa ajili ya chai ya Waingereza, ambao hutia maziwa kidogo kikombeni. Lakini kuna njia ya katikati ninayoitumia, na wageni wangu huipenda. Usiku natwanga kipande cha tangawizi hadi kiwe nyuzinyuzi, napasua punje tatu au nne za iliki nizitoe mbegu na kuziponda, vyote naviweka ndani ya buli pamoja na majani. Tangawizi ya vipande vikubwa haitoi kitu kwa maji yanayomwagikiwa mara moja, ndiyo maana inatakiwa itwangwe sana. Asubuhi naiacha chai dakika tano au sita badala ya tatu, naichuja kikombeni, kisha natia maziwa.

Maziwa yenyewe ndiyo yanayohitaji uangalifu. Wengi hujaza maziwa ya moto kwenye chupa ya chai usiku wakitumaini yatakuwa ya moto alfajiri. Chupa ndogo haihifadhi moto kiasi hicho. Kufika alfajiri maziwa yamekaa vuguvugu kwa saa nyingi, na vuguvugu ndilo joto linalopendwa na vijidudu vinavyochachisha. Afadhali kinyume chake: ipoze chupa kwanza kwa maji baridi sana kwa dakika kumi, yamwage, kisha tia maziwa yaliyotoka kwenye friji na ufunge. Alfajiri yatakuwa bado baridi na salama. Mume wako akipenda chai nzito, maziwa ya unga kikombeni yanafaa zaidi kuliko maziwa ya maji, kwa sababu hayaipozi chai.

BibiWaForodhani

Hamjambo wanangu. Mimi niliko ni Unguja, na mashine hii niliachiwa na mwanangu alipokuja likizo kutoka Uingereza. Mwanzo ilifanya kazi vizuri, maji yakihama yote. Sasa yanahama nusu, kisha inaanza kukoroma na kutema matone, na ndani ya birika naona weupe mgumu usiotoka kwa kusugua. Nifanyeje?

MwendaAlfajiri

Shikamoo bibi. Huo weupe ni ukoko wa chokaa. Maji ya visima vya Unguja hupita kwenye mwamba wa matumbawe, ambao ni chokaa, na maji yakichemshwa chokaa hiyo hujitenga na kuganda kwenye koili na kwenye mrija. Mombasa wanalijua tatizo hili, na London pia, kwa kuwa maji ya kusini-mashariki mwa Uingereza ni mazito vile vile. Scotland maji ni mepesi na mashine hukaa muda mrefu bila kuguswa.

Naomba ufanye hivi, bibi. Ichomoe kwenye umeme na uiache ipoe kabisa. Tia siki nyeupe nusu na maji nusu kwenye birika, yafike juu ya ukoko, uyaache usiku kucha. Kama huna siki, unga wa asidi ya sitriki unaouzwa madukani, vijiko viwili vya chai kwa nusu lita ya maji ya uvuguvugu, unafanya kazi vizuri zaidi na hauachi harufu. Asubuhi utaona ukoko umelainika, mwaga, suuza. Mrija ndio wa kuuangalia zaidi, kwa sababu birika likiwa safi huku mrija umebanwa, maji yataendelea kuhama nusu. Uzamishe kwenye bakuli la siki, kisha upitishe maji ya bomba mpaka yatoke kwa nguvu upande wa pili. Usichokoe kwa waya wa chuma, maana unaweza kuupasua au kuukwaruza. Baada ya hapo endesha mashine mara mbili kwa maji matupu na uyamwage, ndipo utie majani.

Huo mkoromo wenyewe si ugonjwa. Mwishoni maji yakishapungua chini ya ncha ya mrija, mvuke hutoka pamoja na matone ya mwisho na mashine hukoroma na kukohoa. Wengi wetu huamshwa na sauti hiyo kabla ya kengele kulia. Tatizo ni ikikoroma mapema, maji yakiwa bado mengi. Hapo mpira wa kifuniko umechoka au mrija umepasuka juu ya usawa wa maji, na mvuke unapita bila kusukuma. Ukishaondoa ukoko na bado hali ikawa hiyo, tafuta mpira mpya wa kipimo kile kile kwa mafundi wa majiko ya presha.

Kama una tangi la maji ya mvua, bibi, yatumie hayo kwa mashine. Hayana chokaa.

BibiWaForodhani

Marahaba mwanangu. Nimeelewa. Na huku tunalala ndani ya chandarua. Meza niiweke ndani au nje?

MwendaAlfajiri

Nje ya chandarua, bibi, na chandarua kichomekwe chini ya godoro upande huo ili kisipeperuke kikagusa mrija. Meza iwe imara na isawazike, na waya upite nyuma ya meza pasipo miguu kujikwaa. Wakilala watoto chumbani humo, isitegeshwe.

MsomajiWaTanga

Ningependa kujua asili yake. Nilidhani ni kitu cha zama za umeme, lakini nimesikia ilikuwepo kabla ya umeme majumbani. Inawezekanaje?

MwendaAlfajiri

Umesikia sahihi. Mwaka 1902 Frank Clarke, mtengenezaji wa bunduki wa Birmingham, alisajili hataza ya mashine ya namna hii, na alipoiuza aliinadi kama saa inayopika chai. Haikuwa na umeme. Kengele ya saa ilipofika, utaratibu wa springi ulikwaruza kiberiti na kuwasha taa ya spiriti chini ya birika. Maji yalipochemka, mvuke uliinua kibao kidogo kilichokuwa kimezuia birika, birika likainama na kumimina kwenye buli, kisha sahani ya chuma ikafunika moto na kuuzima. Ipo moja katika Jumba la Makumbusho ya Sayansi la London. Nimesimama mbele yake kwa muda mrefu, na kilichonishangaza ni kwamba tangu wakati huo tayari mvuke ndio uliopewa kazi ya kusema maji yamechemka. Saa iliwasha moto tu. Bila shaka kiberiti kinachojiwasha na spiriti kando ya mapazia havikuwa salama, na sishangai kwamba hazikuenea kwa watu wengi.

Za umeme zilikuja miaka ya 1930, na iliyopata umaarufu ni Goblin Teasmade. Goblin lilikuwa jina la bidhaa za kampuni iliyoanzishwa na Hubert Cecil Booth, mhandisi aliyebuni mashine ya kufyonza vumbi mwaka 1901. Miaka ya 1960 na 1970 ndiyo iliyokuwa enzi yake, na sababu inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kuishi kwenye nyumba ya kale ya Kiingereza: vyumba vya kulala viko juu, jiko liko chini, na nyumba nyingi wakati ule hazikuwa na mfumo wa kupasha joto nyumba nzima. Kushuka ngazi alfajiri ya Januari kwa ajili ya kikombe cha chai lilikuwa jambo zito. Zamani zaidi, matajiri waliletewa chai kitandani na watumishi. Watumishi walipopungua baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kukawa na nafasi ya mashine. Mifumo ya joto ilipoenea, wengi waliiweka mashine darini, na huko ndiko zinakotoka nyingi za mtumba mnazozinunua. Swan ndio wanaotengeneza mpya siku hizi.

MlezaMama

Mimi namuuguza mama yangu mwenye baridi yabisi mikononi. Kuinua birika la lita mbili hawezi tena, na mimi hutoka nyumbani kabla hajaamka. Je, hii inamfaa mtu wa hali yake, au nitakuwa ninamwongezea hatari?

MwendaAlfajiri

Pole kwa kuuguza, ndugu yangu, na Mungu ampe mama nafuu. Kwa maoni yangu watu wa hali yake ndio wanaofaidika zaidi, kuliko hata sisi wa zamu za alfajiri, kwa masharti kwamba kazi ya usiku uifanye wewe. Wewe ndiye ujaze maji, ubane kifuniko, usogeze buli mahali pake. Yeye asubuhi asiguse birika kabisa. Kazi yake iwe kumimina tu. Badala ya kujaza hadi alama ya juu, mashine yake ikiruhusu, jaza hadi alama ya chini, ili buli lisiwe zito. Kumbuka tu kwamba zile za zamani zenye springi hazikubali maji pungufu, kwa hiyo mnunulie ya kisasa.

Jaribu buli lenyewe mkononi mwake likiwa na maji ya baridi kabla ya kununua. Mabuli mengine ya mashine hizi yana umbo la mraba na mkono mwembamba, kwa kuwa yamechongwa yatoshee kwenye nafasi yake, na kwa vidole vyenye maumivu mkono mwembamba ni mgumu kushika. Kikombe kiwe na mkono mpana na kiwekwe kwenye sinia lenye kingo, kimwagike humo badala ya kummwagikia. Na chai yake iwe ya kifuko chenye uzi uliofungwa kwenye mkono wa buli, ili aweze kukivuta nje kwa urahisi baada ya dakika tatu. Akishakivuta, hata akikawia kuinywa chai haitakuwa chungu kwa kukaa na majani. Chai ikipoa, asijaribu kuiwasha mashine tena kwa maji mengine. Mwekee nyingine kwenye chupa ya chai.

MlezaMama

Ahsante sana. Jumamosi nitakwenda naye dukani ashike buli mwenyewe.